Kapu la Maswali: Mtoto anywe nini?

Mwezi huu meseji zimemiminika na karibu zote zinauliza kitu kimoja, vinywaji vya watoto. Sijui ni hili joto au ni vile shule zimefungua kila mzazi anahangaika cha kutia kwenye begi. Nimechagua tano, ambao hamjajiona humu msininunie, nafasi ni ndogo.

Dada habari. Mwanangu ana miaka 6 yuko darasa la kwanza. Kila siku namwekea juisi ya chupa kwenye begi, soda simpi kabisa mimi. Juzi nimempeleka kwa daktari wa meno, magego matatu yametoboka. Daktari kaniuliza anakunywa nini nikamwambia juisi za matunda tu, akacheka. Sikupenda alivyocheka. Nimekosea wapi? (Mama Nasri, Tandika)

Pole mama Nasri, hata mimi ningenuna. Ila nadhani najua kilichomchekesha. Baada ya kusoma meseji yako nilishuka hapo chini dukani kwa Mangi nikanunua chupa moja ya hizo za embe, ya mililita 300, picha ya embe limekatwa linachuruzika mpaka unameza mate. Nikaigeuza nyuma nikaanza kusoma yale maandishi ya kiroboto. Cha kwanza maji, cha pili sukari, embe lenyewe la tatu, na utaratibu wa lebo ni kwamba kilichowekwa kingi ndo kinatangulia kuandikwa. Sukari gramu 12 kwa kila mililita 100, kwahiyo chupa nzima gramu 36, na kijiko cha chai kinabeba kama gramu 4 hivi. Nikachukua kopo la sukari jikoni nikaanza kupima kwenye glasi tupu, moja, mbili, tatu, nilipofika cha sita binti yangu akaniuliza mama leo unapika maandazi? Vilikuwa vijiko tisa.

Sasa linganisha na soda ya kola uliyomkatalia, ile inakuwa na kama gramu 10 na nusu kwa mililita 100. Yaani hiyo juisi ya kwa Mangi imeipita soda! Sisemi umrudishie soda, nasema tu tumedanganywa na picha.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya kwenye juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mtoto anayekula kama kalori 1,500 kwa siku, hiyo asilimia 5 ni gramu 19 hivi, hata vijiko vitano havifiki. Wa kwako anamaliza vya siku mbili kabla kengele ya mapumziko haijaacha kulia.

Na kuna maneno ya kuangalia kwenye chupa. Kwa viwango vya kimataifa, kinachoitwa juisi kinatakiwa kiwe tunda tupu. Kikiitwa nekta, tunda linaanzia asilimia 25 mpaka 50 kutegemea ni tunda gani. Kikiandikwa kinywaji cha embe au kinywaji chenye ladha ya embe, hapo embe linaweza kuwa limepita tu kusalimia. Hata hiyo tupu isiyoongezwa kitu bado ina sukari yake, glasi ya chungwa ya mililita 250 inabeba kama vijiko vitano. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa mwongozo wao 2017, chini ya mwaka mmoja hakuna juisi kabisa, mwaka 1 mpaka 3 isizidi mililita 120 kwa siku, na umri wa mwanao 120 mpaka 180, basi. Mpe chungwa alimenye mwenyewe, akimaliza mawili ataenda kucheza. Maembe ya Desemba sijui kama kuna mtoto anayetosheka, hilo naliacha.

Kwenye meno shida kubwa ni kunywa kidogo kidogo. Bakteria wa mdomoni kila wakipata sukari wanatoa asidi, na asidi inakaa inakula jino kwa muda kabla mate hayajaisafisha, sasa mtoto anayefyonza chupa toka saa mbili mpaka saa sita mchana hayapi mate nafasi kabisa. Akitaka juisi ainywe na chakula, kwenye kikombe, amalize, mambo yaishe.

Kwenye begi weka maji. Najua atagoma, wangu aligoma wiki nzima akawa anairudisha chupa imejaa vilevile na kifuniko hakijaguswa, nikawa namwaga kwenye ndoo ya kudekia bila kusema neno. Wiki ya pili nikaweka kipande cha limau na jani la mchaichai, akaanza kunywa robo, sasa hivi anaichapa yote. Maji yachemshe mpaka yatokote kweli, yakipoa weka kwenye jagi lenye mfuniko, na tafuta chupa ngumu ya kuosha kila siku ili usinunue ya plastiki kila asubuhi. Mkazi wa Dar yeyote aliyewahi kusimama karibu na mto Msimbazi mvua ikikata anajua zile chupa zinaishia wapi.

Halafu usikimbilie zilizoandikwa haina sukari. Mara nyingi zimetiwa vitamu vya kemikali, na mtoto anabaki na ulimi uleule wa kutaka kila kitu kiwe kitamu. Na wale wenye watoto wakubwa wanaokunywa enaji wakisema wanakesha kusoma, kikopo cha mililita 250 kina kafeini kama miligramu 80, ni kama umempa kikombe cha kahawa ya watu wazima na sukari juu. Geuza kikopo, onyo la watoto mara nyingi wameliandika wenyewe.

Mwanangu, mie ni bibi nalea mjukuu wa mwaka na miezi mitano, mama yake yuko mjini anahangaika na maisha. Asubuhi nampa chai ya rangi na andazi, mchana akishakula nampa tena chai kidogo ya kushushia. Mama yake kaja juzi kapiga kelele eti chai inanyonya damu ya mtoto. Mie nimechuma chai tangu msichana na wanangu saba wote wamekua kwa chai. Ni kweli hayo? (Bibi wa Lushoto)

Shikamoo bibi. Kwanza hongera kwa saba na huyu wa nane.

Chai hainyonyi damu bibi, lakini mama yake hajakosea sana, kalisema vibaya tu. Ule ukali wa majani unaokausha ulimi, wewe uliyechuma unaujua kuliko mimi, unaitwa tanini. Tanini ikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyoko kwenye maharage au mchicha inayakamata, mwili unashindwa kuyachukua. Na chuma ndo kinatengeneza damu. Mtu mzima anaweza kufidia, mtoto wa umri huo anakua mbio na tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, likijaa chai na andazi, uji unaingia wapi?

Kwahiyo hiyo ya kushushia mchana ndo iache kabisa, mpe maji yaliyochemshwa. Baada ya maharage mkamulie limau kidogo kwenye mboga au mpe kipande cha chungwa, hiyo inafanya kinyume cha chai, inausaidia mwili kuvuta kile chuma. Asubuhi mpe uji wa ulezi au kikombe cha maziwa, na huko kwenu maziwa ya jirani hayakosekani, ila yachemshe yatokote hata kama ng'ombe unamjua kwa jina, homa ya maziwa mabichi ni mbaya. Chai asubiri akue. Wewe bibi kunywa yako, na huyo mama yake mwambie nimesema asikupigie kelele.

Mambo dada. Mi nauza barafu nje ya shule ya msingi hapa Morogoro, naweka maji, sukari, rangi na ule unga wa ladha, nafunga kwenye vile vimfuko virefu. Biashara inaenda. Sasa wiki iliyopita mwanangu kafungua friji kachukua moja nikajikuta namwambia weka hiyo siyo ya kwako. Toka siku hiyo sina raha. Nikiacha tutakula nini? (Mama Barafu)

Usiache. Nimeisoma yako mara tatu, na ningependa wenye viwanda vikubwa nao wajikute wanawaambia watoto wao weka hiyo.

Anza na maji. Watu wengi wanadhani kugandisha kunaua vijidudu, hapana, vya tumbo na kuhara vingine vinalala tu vikisubiri barafu iyeyuke. Chemsha usiku, yapoe na mfuniko juu, asubuhi ndo uchanganye, na mikono uoshe kwa sabuni kabla ya kufunga. Ni mkaa zaidi, najua, kwahiyo tuutafute huo mkaa kwenye sukari. Ulimi ukiwa wa baridi hausikii utamu vizuri, ndo maana barafu iliyokolea sawa inaonekana imepooza na muuzaji anazidi kumimina. Punguza kijiko kimoja kwa kila jagi, kaa wiki, punguza kingine. Usiwatangazie. Watoto hawatagundua na kwenye kilo ya sukari utaiona tofauti mwenyewe mwisho wa mwezi.

Rangi na ule unga anza kuvitupa taratibu. Uko Morogoro, Dodoma pua na mdomo, unga wa ubuyu unafika sokoni kirahisi na una vitamini C nyingi. Usiuchemshe lakini, chemsha maji, yaache yawe vuguvugu ndo uukoroge uchuje. Ukwaju pia, rosela kwa wanaopenda nyekundu (na watoto wote wanapenda nyekundu), embe msimu wake ukifika. Ubuyu una uchachu, kwahiyo ukipunguza sukari bado una ladha ya kueleweka siyo kama maji matupu ya rangi. Mimi ningeanza na nusu kwa nusu, siku mbili rangi siku tatu ubuyu, nione wanaelekea wapi.

Bado vimfuko. Simama getini kwako saa nne asubuhi uangalie, mtoto anang'ata kona, anatema kile kipande chini, anafyonza, halafu mfuko wote unafuata palepale. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini toka tarehe 1 Juni 2019 lakini hivi vyembamba bado tunavikanyaga kila siku. Weka ndoo pembeni ya meza na masharti kwamba anayekula anakula hapahapa anarudisha mfuko. Wachache watakimbia nao, wengi watatii, we ndo mwenye barafu. Ukipata mtaji hamia kwenye lambalamba za kijiti, fomu zake unaosha unatumia tena miaka.

Dada, mi baba wa watoto wawili, mmoja miaka 4 mwingine wiki 3, nipo Mbeya. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mtu kasema tusinunue kakao wala maziwa ya kopo eti ni dhambi kwa watoto wa wenzetu. Hii stori ina ukweli? (Baba Wawili)

Mtu wa grupu lenu kachanganya stori mbili, na zote zina mizizi.

Ya kakao inatoka Ghana na Ivory Coast, huko ndo inatoka zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Watafiti wa NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago walitoa ripoti 2020 wakakadiria watoto milioni 1.56 wanafanya kazi kwenye kakao katika nchi hizo mbili, wengi wakiwa wanatumia mapanga na kubeba mizigo, na hapo kampuni kubwa za chokoleti zilishaahidi toka 2001 kumaliza ajira mbaya kabisa za watoto. Wewe sasa uko Mbeya, kakao inalimwa Kyela hapo chini! Ukipata unga wa kakao mtupu wa huko, kijiko kidogo kwenye maziwa unamtosha wa miaka 4, na wewe ndo unaamua sukari. Vile vya unga vya kopo vyenye picha ya mtoto mwanariadha, soma nyuma kwanza, vingi sukari iko mbele kabisa. Alama ya Fairtrade au ule mchoro wa chura wa Rainforest Alliance inaonyesha angalau kuna mtu aliyekwenda kukagua shamba.

Ya maziwa ya kopo ni ya zamani. Mwaka 1977 Wamarekani walianza kuisusia kampuni ya Nestlé kwa madai kwamba inawasukumia kina mama wa nchi maskini maziwa ya kopo, wakati huko maji siyo salama na kopo ni ghali, mama anaongeza maji ili lifike mwisho wa wiki na mtoto anadhoofika. Kelele zile zilichangia dunia ikapitisha kanuni mwaka 1981 kwamba maziwa ya namna hiyo yasitangazwe kwa umma wala mama asipewe sampuli za bure. Kenya ikaja na sheria yake 2012. Kwahiyo kilicholaumiwa ni namna ya kuuza. Mama aliyeshindwa kunyonyesha kwa sababu za kweli akanunua kopo hana dhambi yoyote, na grupu lenu limwache. Huyo wa wiki 3 kama mama yake ananyonyesha basi ni ziwa tu mpaka miezi sita, hata maji hapana, hata joto likiwa la Kyela.

Naitwa Asha nina miaka 10. Mama anatukataza soda anasema mbaya, lakini usiku tukishalala nasikia psss jikoni. Kwa nini yeye anakunywa? (Asha)

Asha mwanangu, hiyo psss naijua, hata kwangu ipo Ijumaa. Mama yako hajasema uongo, soda ina sukari nyingi, na meno unayoota sasa ndo utakaa nayo mpaka uwe bibi. Ila na yeye ana haki ya kuulizwa. Mwachie gazeti mezani limefunguliwa ukurasa huu, halafu nenda kalale mapema.