Tafuta Kwanza Jua na Mmea, Kipepeo Utamwona

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili lilikuwa hili: mtu anayetembea mashambani wakati wa majira ya joto afanye nini ili awaone vipepeo na viumbe wengine, badala ya kuwapita tu? Nimetembea njia za namna hiyo kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba wengi wetu tunaanza kutafuta pasipo. Tunamkimbilia kipepeo mwenyewe, ambaye hatulii, ilhali vitu viwili vinavyomleta pale alipo, yaani jua na mmea anaouhitaji, havina pa kukimbilia. Anayejifunza kuvitambua hivyo viwili hahitaji kwenda mbali.

Nianze na jua. Misuli anayorukia kipepeo haifanyi kazi barabara mpaka kifua chake kipate joto la nyuzi 30 za Selsiasi hivi, na joto hilo hana njia nyingine kubwa ya kulipata isipokuwa kuota jua. Ndiyo maana saa za asubuhi utamkuta juu ya jiwe, juu ya udongo mtupu wa njia au kwenye jani linalotazama mashariki, ametandaza mabawa yote manne kana kwamba ameyaanika. Wako pia wanaoota jua mabawa yakiwa yamefumbwa, wakijilaza upande ili mwanga uwapige ubavuni. Huu ndio wakati wa kumsogelea, kwa kuwa bado ni mzito wa kuruka. Lakini sogea polepole, ukiwa umeinama, na uhakikishe kivuli chako hakimwangukii. Kivuli kikimgusa ataondoka hata kama hujapiga hatua yenye kishindo, kwa sababu kwake kivuli cha ghafla ni ndege anayekuja kumla.

Watu wanaohesabu vipepeo kwa ajili ya sayansi wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1976, watu wa kujitolea wamekuwa wakitembea njia zile zile kila juma, kuanzia Aprili hadi Septemba, na kuandika kila kipepeo wanayemwona. Hawahesabu joto likiwa chini ya nyuzi 13, na tena huwahesabu wale tu walio ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yao. Kanuni hiyo ya pili iliwekwa ili hesabu za mwaka huu ziweze kulinganishwa na za miaka mingine, lakini mimi nimeifanya desturi ya macho yangu. Mtu anapoacha kutazama upeo wa shamba zima na kukubali kutazama hatua tano zilizo mbele yake, njia ile ile aliyodhani haina kitu huanza kujaa viumbe.

Sasa mmea, na hapa naomba subira ya wasomaji, maana ndipo penye mambo. Kipepeo mzima hunywa mbochi wa maua mengi tofauti, lakini mtoto wake, kiwavi, aghalabu hula mmea wa aina moja au wa aina chache tu. Jike analazimika kuutafuta mmea huo hasa, na hatosheki kuuona: hutua juu ya jani na kulipigapiga kwa miguu, kwa kuwa miguu yake ndiyo inayoonja. Kwa hiyo ukimwona kipepeo anayeruka chini chini, akitua na kuinuka, akitua na kuinuka, wala hajishughulishi na ua lolote, usimfuate mbio. Simama. Huyo anatafuta pa kutagia, na akishaondoka unaweza kwenda kugeuza lile jani taratibu na kuyaona mayai.

Katika sehemu kubwa ya Ulaya, mmea ninaouendea kwanza ni ule unaochukiwa kuliko yote: gugu la kuwasha ambalo wataalamu huliita Urtica dioica. Kipepeo anayeitwa tausi, kwa sababu ya madoa manne kama macho yaliyo kwenye mabawa yake, hutaga juu yake mayai mamia kwa pamoja. Siku moja mwezi wa Juni nilisimama kando ya kichaka cha gugu hilo kilichokuwa kinapigwa na jua, nikaona kwamba majani ya juu yamefunikwa na utando kama wa buibui. Ndani ya utando kulikuwa na viwavi weusi tititi, wenye miiba, na katika weusi wao vitone vyeupe vidogo mno, kama mtu aliyerashia chumvi. Nilipoinama karibu wote walitingisha vichwa kwa pamoja, kwa mdundo mmoja, wakatulia, wakatingisha tena. Ndivyo wanavyomtisha adui. Nilikaa pale karibu nusu saa, na katika muda huo watembezi kadhaa walinipita wakisema, kwa masikitiko, kwamba mwaka huu hakuna vipepeo.

Ndiyo maana huniuma sana nikikuta kingo za njia zimefyekwa zote kwa siku moja katikati ya majira ya joto, eti kwa ajili ya usafi. Anayefyeka anadhani anaondoa magugu. Kwa kweli anaondoa vipepeo wa mwezi ujao. Kufyeka nusu na kuacha nusu hadi vuli kusingemgharimu mtu chochote.

Lakini nisieleweke kwamba kila kipepeo anataka majani marefu. Kisa cha kipepeo mkubwa wa buluu, Phengaris arion, kinatufunza kinyume chake. Kiwavi wake huanza kwa kula maua ya mmea wa jamii ya zaatari, kisha hudondoka chini na kungoja sisimizi mwekundu wa aina ya Myrmica sabuleti amchukue akidhani ni mtoto wa sisimizi. Akishaingizwa kichuguuni huwala watoto halisi wa sisimizi hao kwa miezi mingi. Uingereza ilimpoteza kabisa mwaka 1979, ingawa maeneo yake yalikuwa yamehifadhiwa. Mtafiti Jeremy Thomas aligundua kwamba sisimizi yule huhitaji udongo wenye joto, na udongo hupata joto pale majani yanapoliwa yakawa mafupi sana. Ugonjwa ulikuwa umewaua sungura wengi katika miaka ya 1950, malisho yakapungua, majani yakarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakatoweka, na kipepeo akawafuata. Mifugo iliporudishwa, vipepeo waliletwa kutoka Sweden kuanzia mwaka 1983, na leo wanaruka tena. Kila ninapokanyaga mteremko wenye majani mafupi na vichuguu vidogo, hukumbuka kwamba hata hapo panapoonekana pamekwanguliwa kuna kiumbe mdogo anayepategemea.

Viumbe wengine huonekana kwa kanuni hiyo hiyo. Mijusi hutafuta jua kama vipepeo, basi tazama magogo na mawe kabla hujayakaribia. Kereng'ende dume huilinda sehemu yake ya ukingo wa maji na kuizunguka tena na tena, kwa hiyo akikupita usigeuke kumfuata, atarudi. Kwenye matete tazama pia magamba matupu yaliyopasuka mgongoni, ambamo kereng'ende walitoka baada ya kuishi majini. Nyigu asiyekuuma, anayeelea hewani mbele ya ua bila kusogea, yaelekea si nyigu bali nzi wa maua aliyevaa rangi za nyigu: ana mabawa mawili badala ya manne na macho makubwa yanayokaribia kujaza kichwa kizima. Kozi akisimama angani huku akipiga mabawa, chini yake majani yana panya. Mbayuwayu wakiruka karibu na miguu ya ng'ombe, wanafuata wadudu wanaofurushwa na kwato.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema. Darubini inayoweza kuona vizuri kitu kilicho mita mbili kutoka ulipo inatosha, pamoja na daftari la kuandika tarehe, mahali na mmea. Nyavu na vidole viachwe nyumbani, kwa kuwa unga unaobaki kwenye vidole vya aliyemshika kipepeo ni vigamba vya mabawa yake, na havioti tena.

Yuko mmoja ambaye mimi kila mwaka humngoja kuliko wote, naye ni Vanessa cardui, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Hawezi kuvumilia baridi ya kaskazini mwa Ulaya; wale wanaoonekana huko wametokana na safari ya vizazi kadhaa inayoanzia Afrika, kuvuka Sahara na bahari, na vizazi vya baadaye hurudi kusini, wakiruka juu mno kuonekana na mtu aliye chini. Wanaowasili mapema wakati wa majira ya joto unaweza kuwatambua kwa macho matupu: rangi imefifia, kingo za mabawa zimechanika. Wanatua kwenye mbigili, wanakunywa, wanataga. Majuma machache baadaye, kwenye mbigili zile zile, utawakuta wengine wenye rangi kali na mabawa yasiyo na hata mkwaruzo mmoja. Hao ni watoto wao.