Kabla hujamrudishia wakala samaki wake

Wewe uliyeajiriwa juzi kwenye ununuzi au udhibiti wa ubora, kwenye kiwanda chochote cha minofu hapa Mwanza, nakuandikia wewe. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja. Mengi ninayoyajua niliyapata kwa kukosea, na makosa yale waliyalipia watu wenye kipato kidogo kuliko changu. Ndiyo maana sitaki uyarudie.

Wiki yangu ya tatu nilipangwa kwenye mlango wa kupokelea samaki. Nilikuwa na ubao wa kupimia, kalamu, na kanuni moja kichwani: sangara aliye chini ya sentimita 50 haingii. Saa kumi na moja alfajiri likaingia gari la wakala mmoja anayekusanya visiwani. Nikapima mmoja mmoja, nikatenga. Nilipomaliza, kreti nane zilikuwa za kurudishwa. Wakala alikuwa mzee wa umri wa baba yangu, na hakubishana nami hata kidogo. Alisema tu, "Sawa, mwanangu," akaanza kupakia kreti zake garini. Nikajaza fomu, nikasaini, nikajiona nimelinda ziwa.

Mchana wa siku hiyo hiyo niliziona zile kreti, zenye alama yake ya rangi ya bluu, zimepangwa nje ya banda la akina mama wanaobanika samaki. Ndipo nikaelewa jambo ambalo mafunzoni hakuna aliyeniambia. Samaki niliyemkataa alikuwa amekufa tangu usiku. Kumkataa hakukumrudisha ziwani. Kiwanda kilibaki safi kwenye makaratasi, ziwa halikupata kitu, na yule mzee alipata hasara ambayo lazima angeishusha kwa wavuvi wake. Wavuvi nao wangeifidia kwa kuvua zaidi.

Nisieleweke vibaya. Kanuni ya sentimita 50 ni ya haki na naiunga mkono. Sangara anayevuliwa kabla hajazaa ni deni tunalokopa kwa watoto wetu, na majike huchelewa kukomaa kuliko madume. Hata samaki mkubwa naye hayuko salama siku hizi, maana kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo bondo lake, kile kibofu cha hewa cha tumboni, linavyokuwa na thamani, na wakubwa ndio wazazi. Kwa hiyo pima, tena pima kwa uaminifu. Ila ujue kwamba kipimo cha mlangoni kinakuja mwisho, wakati mambo yote yameshaamuliwa. Yaliamuliwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kabla ya mwaloni yaliamuliwa na ukubwa wa macho ya wavu, na kabla ya wavu yaliamuliwa na mtu aliyeukopesha ule wavu.

Wenye umri wetu tunakumbuka, au tulisimuliwa na wazazi, ile miaka ambayo Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili: 1998 kwa hofu ya kipindupindu, kisha 1999 kwa hofu ya samaki wanaovuliwa kwa sumu. Kwenye maabara ya kupima ubora wa samaki ya Nyegezi na kwenye mialo yenye sakafu ya zege na maji safi, ujue kuna mkono wa hofu ya miaka ile. Wakati huo swali la mnunuzi lilikuwa moja: je, samaki huyu atamdhuru mlaji? Leo limeongezeka la pili: je, kuna mtu aliyedhurika ili samaki huyu apatikane? Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo kuhusu biashara na haki za binadamu, na baadaye nchi moja moja zikaanza kutunga sheria. Ya Ujerumani ilianza kutumika Januari 1, 2023, ikianza na kampuni zenye wafanyakazi 3,000 na zaidi, na mwaka uliofuata ikashuka hadi zenye 1,000. Kampuni kubwa ya kule inaulizwa kuhusu wazabuni wake, nayo inawauliza wazabuni wake, nao wanawauliza wa kwao, mpaka dodoso linatua mezani kwako Mwanza.

Utaliona. Ni refu, na karibu kila swali lina kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Je, wanaokuuzia wanaajiri watoto? Je, wanaruhusu mfanyakazi kuacha kazi kwa hiari? Nakuomba sana, usilijaze ukiwa umekaa ofisini. Mimi nililijaza hivyo mara mbili, na mara zote mbili niliandika uongo bila kukusudia.

Mara ya tatu niliomba kwenda. Nilivuka hadi kambi moja visiwani upande wa Buchosa, nikalala siku mbili. Alfajiri mitumbwi ilirudi kutoka kutegua nyavu, na mvuvi mmoja aliponizoea akanionyesha daftari lake. Lilikuwa daftari la shule, la mistari, jalada limeng'oka. Ukurasa wa kushoto: petroli lita 20, unga kilo 25, kamba, petroli tena, dawa ya mtoto, nyavu vipande sita. Kila kitu na bei yake. Ukurasa wa kulia, wa samaki aliowatoa, ulikuwa na kilo tu. Sehemu ya bei ilikuwa tupu. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu, "Bei naambiwa nikishapakua." Na akipeleka kwa mnunuzi mwingine? "Injini ni ya kwake. Anaichukua."

Sasa jaza kile kisanduku. Mtu huyu yuko huru kuacha kazi?

Nilirudi nimemkasirikia wakala. Nikamwita yule mzee wa kreti za bluu, kwa sababu kambi ile ilikuwa yake, nikamweleza niliyoyaona. Safari hii hakusema sawa mwanangu. Alitoa mfukoni ankara zetu, tatu, zote hazijalipwa, ya zamani kabisa ikiwa na siku arobaini na moja. "Wewe kiwanda," akaniambia, "petroli ya usiku huu unanilipa baada ya mwezi. Mimi nimeikopa kwa mtu. Yule mtu hanisubiri." Nilikosa la kusema. Kanuni zetu za maadili kwa wazabuni zilikuwa zimebandikwa ukutani nyuma yangu, na hakuna mstari hata mmoja uliotuhusu sisi wenyewe.

Ukichukua jambo moja tu kwenye andiko hili, chukua hili: ukiona mzabuni amevunja kiwango, anza kwa kuangalia mliagiza nini, lini, kwa bei gani, na mmelipa lini. Sisi tulikuwa na watu wa mauzo walioahidi kontena bila kuuliza hali ya ziwa. Wavuvi watakuambia wenyewe kwamba usiku wa mbalamwezi nyavu hazishiki vizuri. Lakini meli haisubiri mwezi ufe, kwa hiyo tuliwapigia mawakala simu kutwa nzima tukidai tani. Nilipokaa na kumbukumbu zangu za mlangoni nikazilinganisha na simu zile, siku tulizosukuma sana ndizo siku samaki wadogo walipojaa kwenye kreti. Sisi ndio tuliowaagiza, ingawa hakuna aliyeandika oda ya samaki mdogo.

Ilinichukua karibu mwaka kumshawishi mkuu wa fedha kwamba wakala anayekubali kukaguliwa hadi kambini alipwe ndani ya siku tatu. Alikataa mara ya kwanza na ya pili. Alikubali nilipompelekea hesabu ya samaki tuliowapoteza kwa kurudisha, kulaza gari na kupoza upya. Zungumza na watu wa fedha kwa lugha ya fedha, huruma peke yake haipitishi malipo. Kreti za kurudishwa zilipungua. Sitakudanganya kwamba ziliisha.

Kuhusu watoto, hapa uende taratibu na moyo wako ukiwa macho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 haruhusiwi kazi za hatari, ikiwemo kuwa baharia kwenye chombo. Mimi nilimkuta mvulana anakomba maji mtumbwini na kopo la rangi, amevaa shati la shule. Niliandika ripoti, wakala akasimamishwa siku ile ile, na ofisini nikapongezwa. Miezi miwili baadaye nikasikia yule mvulana yuko kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, anayeuza kwa wachuuzi wasioulizwa chochote na yeyote. Hilo bado linaniuma. Siku hizi hatua ya kwanza ni kumtoa mtoto ziwani siku hiyo, ya pili ni kukaa na mlezi wake, mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu wake, ya tatu ni kumpa wakala muda wenye tarehe ya mwisho. Kumfuta wakala kunakuja akirudia au akificha. Wala usimhoji mtoto mbele ya mwenye mtumbwi.

Mengine ni ya mkono tu, utayazoea. Kipimajoto kichome kwenye nyama nene karibu na uti wa mgongo. Ukikichomeka kwenye matamvua utasoma joto la barafu. Mzani wa mwaloni uangalie kama una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo, halafu usiishie kwenye stika: beba jiwe lako la kilo 20, litundike. Mzani uliokuwa unakula kilo mbili kwa kila ishirini niliukuta kwa mtu ambaye makaratasi yake yote yalikuwa sawasawa. Uliza jaketi okozi ziko wapi, kisha omba uvae moja. Ikiwa imefungiwa stoo na ufunguo haupatikani, umeshapata jibu. Na ongea na wanawake, wanaopaa, wanaobeba, wanaonunua. Ongea nao pembeni, ukiwa na mwenzako wa kike ikiwa wewe ni mwanamume, kwa sababu wapo wanaodaiwa miili yao ili wauziwe samaki, na hilo halisemwi mbele ya wenye mitumbwi.

Utapewa samaki. Mtu atakuwekea sangara wa kilo tatu kwenye gari na kusema ni mboga ya watoto. Kwetu kukataa mboga ni kumtukana mtu, najua. Mimi huwa nasema, "Baba, nashukuru sana, ila leo nimekuja na kalamu. Siku nikija bila kalamu nitakula kwako." Wengi wanaelewa na tunacheka. Kisha nakaa nakula naye ugali palepale kambini, kile wanachokula wote, maana kula pamoja si rushwa na hapo ndipo utasikia habari ambazo dodoso halina.

Safari ya kwanza omba wiki hii hii, kabla kiti cha ofisini hakijakuzoea. Usimpigie wakala simu kumwambia unakuja. Mwambie kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa mwalo, huyo ni lazima ajue. Beba jiwe la mzani, kipimajoto, daftari, tochi na sweta, kwa sababu mitumbwi inarudi kabla ya jua na upepo wa saa hiyo ni baridi. Ukifika, usianze na ubao wa kupimia. Saidia kuvuta mtumbwi kwanza.