Senti Moja Kwenye Duka la Mwembe Tayari

Siku ya tatu baada ya kumwekea programu ya risiti, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwembe Tayari aliniita. Alifungua daftari lake, akaweka kidole kwenye hesabu. "Mwanangu, hii senti moja yenda wapi?"

Nilikuwa karibu kumjibu kwamba senti moja si kitu. Nashukuru sikusema. Nati 100 zilikuwa shilingi 267.50, kwa hiyo moja ni 2.675. Yeye aliandika 2.68. Programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Python, ilitumia `round(2.675, 2)`, amri ya kukadiria, yaani kubakiza tarakimu mbili baada ya nukta, ikaandika 2.67.

Kompyuta huhesabu kwa mbili mbili. Nusu, robo na thumuni inazijua barabara: 0.5, 0.25 na 0.125 hukaa bila kupungua. Sehemu ya kumi haikai, kama vile sisi tukiandika theluthi kwa desimali hatumalizi tarakimu za 3. Ndiyo maana 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na 2.675 ndani ya mashine ni 2.67499999999999982 na kuendelea. `round` haikukosea: ilipewa namba iliyo chini ya nusu, ikaishusha.

Wengi huongeza kijinamba kidogo kabla ya kukadiria. Nami nilijaribu. Dawa hiyo huponya namba moja ikaumiza nyingine, iache.

Pesa zihifadhi kwa senti, namba kamili: 267.50 iwe 26750. Ukilazimika kugawanya, tumia `Decimal`, aina ya namba ya Python inayohesabu kwa kumi kumi kama sisi, na namba uiandike ndani ya alama za kunukuu: `Decimal('2.675')`. Bila alama hizo, kasoro imeshaingia nayo. Kisha ikadirie kwa amri ya `quantize` na kanuni ya `ROUND_HALF_UP`, yaani nusu hupanda juu. Usisahau kuitaja kanuni hiyo, kwa sababu Python ikikuta nusu kamili huiendea namba shufwa: `round(2.5)` ni 2, `round(3.5)` ni 4. Kanuni ya shufwa ina hekima yake, huzuia jumla kubwa isiegemee juu. Lakini mzee hakusoma hivyo shuleni, na risiti ni yake. Muulize mwenye duka kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Halafu kuna suala la wapi pa kukadiria, na hapa ndipo nilipoteza muda mwingi zaidi. Chukua pakiti tatu za skrubu, kila moja 45.40 kabla ya kodi ya asilimia 16. Ukikadiria kodi kwa kila pakiti unapata 7.26, tatu ni 21.78. Ukikadiria mara moja kwenye jumla unapata 21.79. Chagua njia moja, uifuate kwenye risiti na kwenye ripoti pia. Kukata tarakimu za mwisho bila kukadiria, kila hatua, ni hatari kweli: soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianza kipimo chake cha bei za hisa na 1,000 mwaka 1982, likawa linakata desimali kila linapokokotoa upya. Kufikia Novemba 1983 kilisomeka karibu 520, wakati hesabu sahihi ilizidi 1,098.

Na jaribu bidhaa zilizorudishwa, ambazo huingia kwa namba hasi. Kwenye JavaScript, lugha nyingine ya kompyuta, `Math.round(2.5)` ni 3, lakini `Math.round(-2.5)` ni -2. Mteja akinunua kisha akarudisha, shilingi moja inabaki ikining'inia kwenye hesabu, na mzee ataiona.