Maswali ya anga: darubini ibaki dukani kwanza

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa vijana wanaoanza kujifunza elimu ya anga, na kwa wazazi na walimu wao.

Nina laki moja na nusu. Ninunue darubini gani ya kuanzia? (Kidato cha tatu, Dodoma)

Usinunue. Swali hili naletewa kila mara, na jibu halijabadilika. Darubini za bei hiyo huandikwa kwenye boksi kwamba hukuza mara 525, na hiyo ni hadaa. Lenzi yenye upana wa milimita 60 hukuza vizuri hadi mara 120 hivi. Ukizidisha hapo unakuza ukungu. Miguu yake nayo hutetemeka ukiigusa tu, nyota ikakupotea. Nimeona watoto walioacha kabisa kutazama anga kwa sababu ya kifaa cha namna hiyo, na hilo huniuma kuliko pesa zilizopotea.

Miezi mitatu ya kwanza tumia macho na daftari. Baadaye, ukipata darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50, hata ya mtumba, egemeza viwiko ukutani uielekeze kwenye sayari ya Mshtarii. Utaona vitone hadi vinne pembeni yake. Ndiyo miezi aliyoiona Galileo Januari 1610. Ichore kila jioni kwa wiki mbili na uandike saa. Itahama, mingine itajificha na kurudi, na kwa michoro yako mwenyewe utajua ni upi unaozunguka upesi kuliko wenzake.

Nyota yangu ni Nge. Mwezi huu inasemaje? (Morogoro)

Huo ni unajimu, na hapa hatuujibu. Kundinyota la Nge litafute Julai au Agosti, saa mbili usiku, juu sana upande wa kusini. Nyota nyekundu iliyo kifuani mwake ni Antares.

Kitabu kinasema nianze na Nyota ya Kaskazini. Nimeitafuta siku nne sijaiona. (Lindi)

Hutaiona hata ukikesha mwaka mzima. Lindi iko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, na nyota hiyo kwako iko chini ya upeo wa macho. Kitabu chako kiliandikiwa watoto wa Ulaya, na shule zetu zimejaa vitabu vya aina hiyo. Sisi tulio karibu na ikweta tunaona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Mtoto wa London hawezi kuuona Msalaba wa Kusini asiposafiri.

Basi anza na huo Msalaba, mwezi wa Mei, saa mbili usiku. Refusha mti wake mrefu mara nne na nusu, kutoka kichwani kupita mguuni. Utafika mahali pasipo na nyota ya maana, kama ngumi moja juu ya upeo wa macho ukinyoosha mkono. Shuka wima kutoka hapo: ndiko kusini. Desemba tafuta Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota zilizokaribiana, uhesabu nyota zake. Wengi huona sita. Wazee wa pwani walisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Walijua kwamba hutoweka jioni kwa kipindi fulani kisha huonekana tena alfajiri. Muulize bibi yako kabla hujakiuliza kitabu.

Mwanangu wa miaka minane alichora mwezi mchanga umelala kama mashua. Mwalimu akamkosesha, akasema kitabuni umesimama. Nani yuko sahihi? (Mama, Tanga)

Mwanao, mama. Ametazama, akachora alichokiona. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo katika elimu hii.

Upande wa mwezi unaong'aa huelekea jua daima. Huku kwetu jua huzama likishuka karibu wima, na mwezi mchanga hulifuata nyuma. Jua likiwa chini yake, tumbo la chini ndilo linalong'aa. Ulaya jua huzama kwa mshazari, ndiyo maana mwezi wao husimama. Namwomba mwalimu, kwa heshima, mwezi ukiandama atoke nje baada ya magharibi auangalie, kisha airudishe alama ya mtoto.

Na wewe mpe mwanao karatasi yenye viboksi 30. Kila siku achore umbo la mwezi na saa aliyouona. Atagundua kwamba kila siku huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi, na kwamba siku nyingine huonekana mchana kweupe. Usimwambie mapema.

Klabu ya wanafunzi 30 inahitaji vifaa gani? (Mwalimu, Iringa)

Mikeka, madaftari, penseli, masweta, dawa ya mbu, na tochi moja iliyofungwa kitambaa chekundu. Simu zizimwe: macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga wa simu moja huwarudisha wote mwanzo. Hukuuliza, lakini nasema: wazazi wajue mahali na saa ya kumaliza, na msichana yeyote asirudi nyumbani peke yake. Ukilipuuza hili, wasichana ndio watakaoacha kwanza kuja, na wazazi wao watakuwa na haki.

Agosti 2027 jua litapatwa. Tutazame kwa filamu ya eksirei au kwenye beseni la maji? (Mombasa)

Hapana kwa vyote viwili. Wala kioo chenye masizi, wala miwani ya kawaida ya jua. Jicho haliumi wakati linapoungua; mtu hugundua baadaye. Tarehe 2 Agosti 2027 kwenu litapatwa sehemu tu, kwa hiyo hakuna hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho matupu. Tumia miwani maalumu yenye alama ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo, na usiivae ukachungulia kwenye darubini.

Asiye na miwani asimame chini ya mwembe, alipe jua mgongo. Matundu kati ya majani hutupa ardhini picha za jua, nyingi, kila moja na pengo lake. Tandikeni shuka jeupe, zitaonekana vizuri zaidi.