Jibu: Chemba zinafurika kila mvua, nichimbe bomba lote?

Mkuu, umeuliza kama uchimbue bomba lote la majitaka la nyumba yako ya wageni hapo Shangani, Mtwara, kwa sababu chemba hufurika kila mvua ikinyesha. Usichimbe kwanza. Likague.

Siku ya jua kali fungua chemba mbili zinazofuatana, ziache wazi. Usiingie wala kuingiza kichwa, nakuomba sana: ile hewa ya mayai viza ikizidi huua uwezo wa kunusa kwanza, halafu inakuua wewe. Funga kioo kwenye mti mrefu, ukishushe hadi mdomo wa bomba. Mwenzako amulike kwa tochi kutoka chemba ya pili. Ukiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka. Ukiona kama mwezi mchanga, limebonyea katikati au lina uchafu.

Tazama pia sakafu ya chemba. Niliwahi kukuta mchanga mweupe, safi kabisa, umejaa kiganja. Huo hautoki chooni, ni ardhi inaingia kwenye ufa.

Ila kwa kuwa tatizo lako huja na mvua, mimi nashuku maji ya paa yanaingia kwenye bomba la majitaka. Mimina ndoo yenye rangi ya chakula kwenye mfereji wa bati. Rangi ikitokea kwenye chemba, umempata mchawi.

Ukikodi mwenye kamera ya kupita ndani ya bomba, dai aandike umbali kwa mita na mahali pa kasoro kwa uso wa saa: juu 12, chini 6. Ni namba zilivyoandikwa, si saa zetu za Kiswahili. Mafundi huchanganya hapo.