Muulize fundi: breki imekuwa ngumu, nibadilishe nini?

SWALI: Fundi habari za kazi. Gari yangu ni ya petroli, otomatiki. Breki zilikuwa laini kabisa ila siku hizi nikiwa kwenye foleni, nikikanyaga mara mbili tatu za karibu karibu pedali inagoma, inakuwa ngumu mpaka niisimamie na mguu wote ndo gari isimame, na muda huohuo injini inatetemeka kama inataka kuzima. Nikiwa kwenye mwendo mrefu shida hii siioni sana. Gereji ya kwanza walitoa upepo wakabadilisha na oili ya breki, hola. Ya pili wakafunga pedi mpya, hola. Sasa huyu wa tatu anasema ni masta silinda, nikatafute. Nitafute kweli au ananizungusha? (Mguu Umechoka)

JIBU: Pole sana ndugu yangu, ila hiyo masta silinda (pampu inayosukuma oili ya breki kwenda kwenye tairi) usiitafute kwanza. Masta silinda ikichoka pedali huwa inazama, unakanyaga inashuka taratibu mpaka chini, au inanesanesa ukiwa na upepo ndani. Yako haizami, inakataa kushuka. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazichanganywi, sema mafundi wengi wakisikia tu neno breki wanakimbilia kutoa upepo maana ndo kazi wanayoizoea. Pedali ngumu maana yake breki zipo ila msaada umepotea, na msaada unatoka kwenye busta, lile dubwana la bati jeusi la duara lililokaa nyuma ya masta silinda.

Ndani ya busta kuna diaframu, yaani kiwambo cha mpira, inayoigawa vyumba viwili. Injini inanyonya hewa kutoka vyumba vyote kupitia mpira mnene, yaani bomba, unaotoka kwenye manifodi (njia ya hewa kuingia kwenye injini), sasa ukikanyaga breki kuna valvu ndogo inafunguka inaruhusu hewa ya nje iingie chumba cha upande wako, hewa hiyo inasukuma diaframu kwenda mbele na diaframu inasukuma masta silinda. Usiidharau hewa hiyo. Diaframu yenye kipenyo cha sentimita 25, tofauti ya presha ikiwa 0.7 bar, piga hesabu utaona inasukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 300. Hizo kilo zikiondoka zinabaki za mguu wako peke yake, ndo maana umechoka.

Sasa vipimo, na hivi havihitaji kifaa chochote. Gari ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne tano mpaka iwe ngumu, halafu bila kutoa mguu, ukiwa umekandamiza kawaida tu, washa gari. Busta nzima utasikia pedali inazama kidogo chini ya mguu, kama sentimita moja mbili hivi, yenyewe. Isiposhuka kabisa basi vakyumu, yaani ule mnyonyo wa hewa, haifiki au busta imekufa. Cha pili, acha injini iungurume dakika moja au mbili, zima, kanyaga taratibu ukipumzika sekunde kadhaa kati ya kukanyaga na kukanyaga: mara ya kwanza pedali iende chini, ya pili ipungue, ya tatu ipungue zaidi. Ikiwa ngumu tangu ya kwanza, vakyumu haitunzwi, kuna inakotorokea. Cha tatu injini ikiwa inaunguruma kanyaga ushikilie, zima gari ukiwa bado umeshikilia, hesabu sekunde 30. Pedali isisogee. Ikianza kukusukuma mguu kurudi juu, busta inapitisha hewa.

Usijipime asubuhi kabla hujawasha ukasema imekufa, gari iliyolala usiku kucha pedali kuwa ngumu kidogo si ajabu. Pima baada ya kuzima dakika chache.

Kwa dalili zako mimi nina washukiwa wawili, na mtetemo wa injini ndo unaonipa njia. Kama injini inatetemeka muda wote ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta), ukanyage breki usikanyage, anza na mpira wa vakyumu: umepasuka, umelegea kwenye klipu, au umelowa oili ukavimba ukawa laini kiasi kwamba ukinyonywa unajibana wenyewe ndani. Huo wa mwisho ni mjanja maana kwa nje unauona mzima kabisa. Ubonyeze kwa vidole urefu wake wote gari ikiwa imezimwa, halafu uangalie ukiwa unanyonywa. Na kama kuna mtu aliwahi kukufungia mpira wa kawaida wa mafuta badala ya ule mgumu wa vakyumu basi usishangae. Ila kama injini iko shwari na inatetemeka pale tu unapokanyaga, na unasikia fssss chini ya dashibodi karibu na miguu isiyokatika mpaka uachie, hiyo ni diaframu imetoboka au valvu ya ndani ya busta haifungi. Mlio mfupi wa kupumua wakati pedali inashuka ni kawaida, usiogope. Unaoendelea ndo mbaya.

Ukitaka kumaliza ubishi, zungushia kitambaa ule mpira karibu na busta, uubane na koleo injini ikiwa inaunguruma. Injini ikitulia ghafla, hewa ilikuwa inaingilia kwenye busta. Isipobadilika kitu, tafuta kwingine.

Kabla ya busta kuna kidude kingine cha bei ndogo kinachosahaulika kila siku, chekivalvu. Ni kile kiplastiki mpira unapoingia kwenye busta, au wakati mwingine kimekaa katikati ya mpira. Kazi yake kuruhusu hewa itoke busta kwenda kwenye injini na isirudi. Kitoe, puliza upande wa busta, hewa ipite. Geuza puliza upande wa injini, isipite hata kidogo. Ikipita kote au isipopita kote, badilisha. Angalia na ile raba kinapochomekwa, ikikauka inapasuka nyufa ndogondogo. Na jambo dogo: wakati unakichomoa baada ya kuzima gari, lazima usikie hewa ikiingia kwa kishindo. Ukichomoa kimyakimya basi busta haikuwa na vakyumu.

Shida yako kuwa kubwa foleni kuliko kwenye mwendo inaendana na yote haya, maana ukiachia mafuta gari ikiwa kwenye mwendo injini inanyonya kwa nguvu, na kuna muda mrefu wa busta kujaza tena. Foleni unakanyaga, unaachia, unakanyaga, akiba inaisha. Fundi mwenye geji ya vakyumu aipachike kwenye manifodi, injini nzima kwenye sailensa inasoma kama inchi 17 mpaka 22 za zebaki usawa wa bahari, kila ukipanda mita 300 hivi inapungua kama inchi moja. Akiona 12 au sindano inacheza hata ule mpira wa busta ukiwa umebanwa, busta haina kosa, injini yenyewe ndo haivuti: taimingi, valvu za injini, au ekzosi imeziba kwenye katalitiki. Hapo ukibadilisha busta utabadilisha bure.

SWALI: Fundi, ya kwangu ni dizeli na nimesikia dizeli haina vakyumu ya manifodi. Pedali ni ngumu nikiwasha tu, nikikaa dakika inalegea. Na chini ya alteneta kuna oili. (Baba Dizeli)

JIBU: Umesikia vizuri, dizeli nyingi hazina kizuizi cha hewa kwenye manifodi kwa hiyo vakyumu inatengenezwa na pampu yake. Nyingine inaendeshwa na kamshafti, nyingine imefungwa mgongoni mwa alteneta, na hiyo ya mgongoni inalainishwa na oili ya injini. Sasa unajua hiyo oili inatoka wapi. Ikichakaa inavuta polepole, ndo maana unangoja dakika. Geji ichomekwe moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu kabla hujagusa busta. Na mrija wa oili unaoingia kwenye pampu usiache uzibe, pampu ikikosa oili inajila yenyewe. Ziba hiyo oili mapema pia kwa ajili ya alteneta. Petroli zenye tabo nazo nyingi siku hizi zina pampu, usidhani ni dizeli tu.

SWALI: Nilifungiwa busta ya mtumba. Breki zikawa laini ajabu, nikafurahi, ila nikienda kilomita kadhaa gari inakuwa nzito, rimu zinachemka, nikipumzika inarudi sawa. Fundi anasema kalipa (zile zinazobana pedi kwenye tairi) zimekufa zote nne. (Dada wa Rimu Moto)

JIBU: Zote nne, siku moja, tena siku ileile aliyofunga busta? Hapana dada. Kuna fimbo inatoka kwenye busta inasukuma masta silinda, urefu wake unatofautiana busta na busta. Ikizidi hata milimita chache, pistoni ya masta silinda hairudi mpaka mwisho, kile kitundu cha kurudishia oili kinabaki kimezibwa, breki zikipata moto oili inatanuka haina pa kwenda na presha inapanda yenyewe. Gari ikishajam, likiwa limesimama sehemu tambarare na tairi zimewekewa vizuizi, mwambie alegeze zile nati mbili zinazoshika masta silinda, kidogo tu. Tairi zikifunguka palepale, fimbo ni ndefu. Airekebishe, akaze nati zake, ndo utoke. Usiendeshe zikiwa zimelegea hata kwenda hapo mbele.

Akifungua masta silinda achungulie na nyuma yake. Pakiwa pamelowa oili ya breki, masta silinda inavujia ndani ya busta, na oili ile itaila diaframu ya mpira taratibu. Hii ndo kesi ya wale wanaoongeza oili ya breki kila mara na hawaoni inapovujia, wengine mpaka wanatoa moshi mweupe kwenye ekzosi maana injini inainyonya. (Oili kushuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyoisha ni kawaida, hiyo siisemei.)

SWALI: Vipimo vyote busta imepita, pedali bado natumia nguvu. (Bado Natafuta)

JIBU: Shuka kwenye tairi. Pini za kalipa zimekauka, pistoni zimeshika kutu, mpira wa breki umevimba ndani, au pedi zimeungua uso unang'aa. Pedi ngumu za bei rahisi nazo zinaleta hisia hiyohiyo, gari haishiki basi unajikuta unaongeza mguu. Kama ni haibridi acha kabisa vipimo vya juu, nyingi zinatumia mfumo wa umeme, nenda kwenye skana. Na kama usukani umekuwa mzito pamoja na breki, gari zingine busta inatumia pampu ya pawasteringi, angalia oili yake na mkanda.

SWALI: Je nikiteremka mlima nikazima gari kuokoa mafuta, breki si zinabaki? Jirani yangu anafanya miaka. (Mchumi)

JIBU: Zinabaki kwa kukanyaga mara mbili, tatu ukiwa na bahati, maana busta ina akiba hiyo tu ya vakyumu. Baada ya hapo ni mguu wako na uzito wa gari zima kwenye mteremko, usukani umekuwa mzito, na ukikosea ukarudisha ufunguo mpaka mwisho unaweza kujifunga. Tena gari za injeksheni ukiteremka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta injini inakata mafuta yenyewe, kwa hiyo huyo jirani hata hicho anachookoa hakipo.

Injini ikikuzimikia njiani kwa bahati mbaya, usipige pampu kwenye pedali, kila ukiachia unatupa akiba. Kanyaga mara moja kwa nguvu zote, miguu miwili ikibidi, shikilia, shusha gia, hendibreki ya mkono ivute kidogo kidogo usiing'oe kwa mkupuo, washa hazadi. Likishasimama usiendelee nalo mpaka gereji kwa kusema breki si zinashika kidogo, ita wakuvute.