Ukiombwa Maoni ya Picha, Onyesha Mahali

Msomaji mmoja wa Wete amenitumia picha mbili: kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja, na mchanga wa pwani ya Jambiani maji yakiwa yamekupwa. Chini yake kaandika: "Nimeziweka kwenye grupu, nimepata MashaAllah na dole tele, kisha mtu mmoja akasema hazina mvuto. Nirekebishe nini?" Swali la haki kabisa. Magrupu yetu ya picha, Unguja na Pemba, yamejaa wanaosifu kila kitu na wanaoponda kila kitu, na wote wana ila moja: hawaonyeshi mahali. Kuanza na MashaAllah ni adabu, nani atakukataza? Lakini aliyeomba maoni anataka kujua umeona nini, kiko wapi kwenye fremu, na kimesababishwa na nini.

Kabla hujasema neno, omba faili lenyewe. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa, na manyoya unayoyaona yamelainika huenda yalikuwa makali kwenye kamera. Mwambie aitume kama dokumenti. Ivute hadi asilimia 100 uangalie ukali, halafu irudishe iwe ndogo kama stempu uangalie umbo. Na usiiangalie ukiwa barazani juani. Kioo kinang'aa, kila picha utaiona ya giza.

Tuanze na kima. "Imetoka na ukungu" ni maneno ya kila siku na hayamsaidii mtu, kwa sababu ukungu una asili tatu na kila moja ina dawa yake. Tafuta kitu chochote kilichotoka kikali. Kama jani la mbele au tawi la nyuma ni kali na kima hakutoka vizuri, fokasi imekaa pasipo pake. Achague nukta moja ya fokasi na ailaze juu ya jicho. Kama kila kitu kimeburuzika upande mmoja, majani na matawi pamoja, mkono ulitikisika. Kama matawi yametulia na kima peke yake ndiye aliyeburuzika, mkono ulikuwa imara ila shata, kile kidirisha cha kamera kinachopitisha mwanga, ilichelewa kufunga. Picha ya msomaji wetu ni hiyo ya tatu: gome la mti unalihesabu nyufa, lakini mkono na mkia vimefutika, na data ya faili inasema shata ilikuwa 1/125 ya sekunde. Kima anayetafuna kwa utulivu unaweza kumpiga kwa 1/250 au 1/500. Anayeruka anataka 1/1000. Kwenye kivuli kile itabidi ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 au 3200, na chenga, zile punje punje za picha, zitaonekana. Chenga zinavumilika na zinapunguzika baadaye. Mnyama aliyeburuzika ndiyo basi tena.

Jambo la pili ni mwanga, na hapa kima punju ana shida yake maalumu. Uso wake mweusi, nywele zinazouzunguka nyeupe, na jua la msituni linapenya majani kwa mabaka. Kamera inapima giza la miti, inaongeza mwangaza, na zile nywele nyeupe zinaungua. Basi usiseme "mwanga mbaya". Sema: "Juu ya paji la uso nywele zimekuwa bapa, hakuna unywele mmoja mmoja, punguza mwangaza theluthi mbili za stopu, vivuli uving'arishe nyumbani kwenye kompyuta." Stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Akiwa amepiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalibana, uso mweusi utarudi. Kilichoungua hakirudi. Angalia pia kama jichoni mna nukta ya mwanga, kwa sababu bila hiyo uso ule unakuwa shimo jeusi lenye ndevu nyeupe. Dawa yake ni kungoja kima ageuze kichwa kuelekea uwazi wa anga.

Kuna ushauri mmoja unaonikera: "ungesogea karibu." Kima wa Jozani wamezoea watu, lakini umbali umewekwa kwa kinga ya mnyama na ya mgeni, na mwenye kutoa maoni hana ruhusa ya kuupunguza. Mwambie apige magoti kima anapokula vichakani, alingane naye macho. Hivyo hivyo kwa popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwengine duniani. Mchana amelala akining'inia. Anayeshauri "piga makofi waruke upate mabawa" anaharibu zaidi ya picha. Magharibi wataruka wenyewe.

Picha ya mchanga ni ngumu zaidi kuisemea, maana picha dhahania, ya mistari na rangi tu, haina jicho wala mkia wa kuushika. Hapa ndipo watu hukimbilia "siielewi". Anza kwa kueleza safari ya jicho lako bila kuhukumu. Mimi ningemwandikia hivi: "Jicho limeingia chini kushoto, likafuata viwimbi vya mchanga mpaka katikati, kisha likatorokea kona ya juu kulia penye doa jeupe la maji, halikurudi." Huo ni ushahidi, na mwenye picha anaweza kuupima: afunike ile kona kwa kipande cha karatasi aone kama viwimbi vinapata nguvu. Vikipata, akate. Geuza picha juu chini. Kama uzito bado umeelemea kona ileile, tatizo ni la mpangilio. Igeuze nyeusi na nyeupe. Ikifa, ujue ilikuwa inabebwa na rangi tu, na hapo muulize kama rangi ndiyo aliyoikusudia au alikuwa akitafuta mistari. Picha dhahania inayotaka kuonyesha mstari, rangi, mkwaruzo na mdundo kwa pamoja mara nyingi haionyeshi hata kimoja.

Sasa sababu. Viwimbi vya msomaji wetu ni bapa, na mtu wa grupu alimshauri "rudi alfajiri jua likiwa chini". Huyo hajatazama jedwali la maji. Wakati wa bamvu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi, jua limeshapanda na vivuli vimekufa. Alfajiri ya siku hizo mchanga ule uko chini ya maji. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo atafute siku tatu au nne baada ya maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, ambapo kupwa huangukia mwanzo wa asubuhi. Hayatakwenda mbali kama ya bamvu, lakini viwimbi vya karibu na ufuo vitakuwa wazi, na jua la upande wa mashariki litavichora kimoja kimoja. Lile doa jeupe ni mng'ao wa maji. Kichujio cha polaraizi kikizungushwa taratibu hulipunguza, ila kinakula stopu moja hadi mbili za mwanga. Na kama mchanga mkavu mweupe umetoka kijivu, kamera imeufanya hivyo. Aongeze mwangaza stopu moja.

Picha dhahania nyengine hupigwa kwenye kuta na minazi. Kwa kuta za Mji Mkongwe zenye chokaa inayobanduka, kosa la mara kwa mara ni kamera kutokuwa sambamba na ukuta, kona moja ikalegea. Tundu la lenzi la f/8 na kusimama sawa kunatosha. Kwa minazi inayopigwa kwa kusogeza kamera kwa makusudi, angalia kama msogeo ulifuata shina. Msogeo ukilikata shina, unapata fujo. Shata iwe kati ya 1/8 na 1/2, mkono uanze kwenda kabla ya kubonyeza. Jua la mchana haliruhusu: hata ukilibana tundu la lenzi hadi f/22 na ISO 100, utakuwa karibu 1/50; kichujio cheusi cha stopu tatu kitakushusha hadi 1/6 hivi.

Nawe unayepokea maoni, uliza swali jembamba. "Naomba maoni" huleta dole. "Je, kona ya juu kulia inakuvuta?" huleta jibu. Usieleze ulivyotaabika kuipata, wala joto, wala mbu. Mtazamaji hayaoni hayo, na ukiyataja atakuonea haya. Usijibu papo hapo. Andika kila mahali palipotajwa. Watu watatu wakigusa sehemu ileile, waamini kuhusu mahali hata kama dawa zao zinapingana: mmoja atasema kata, mwengine atasema tia giza, wa tatu atasema rudia. Jaribu zote juu ya nakala, faili la asili usiliguse, uzipange pembeni pembeni kwa ukubwa mmoja, halafu uziangalie tena kesho yake. Anayekwambia ununue kamera kubwa mshukuru na uendelee. 1/125 ni 1/125 kwenye kamera ya bei yoyote.